Rimoti ya Gari Inasumbua Baada ya Kubadilishwa Ganda: Dalili, Chanzo na Tiba

Ganda la rimoti ya gari ni plastiki tu. Halijui gari lako ni lipi, halihifadhi siri yoyote, na kulibadilisha hakuhitaji kuprogramu chochote. Hata hivyo kazi hii ya dakika kumi na tano huwaacha wengi na gari lisilowaka, kwa sababu ganda la zamani huondoka na kitu ambacho mwenyewe hakukiona. Kwa hiyo sharti moja hutangulia yote: ganda la zamani lisitupwe mpaka injini iwake kwa ganda jipya, izimwe, kisha iwake tena.

## Kwanza hakikisha ubovu uko kwenye ganda

Tundu la pete lililokatika, mpira wa vitufe uliotoboka, ganda linaloachana kila likianguka, bapa (kile chuma chenye meno) linalocheza: hayo ni ya ganda, hayana mjadala. Utata uko kwenye kitufe kinachotaka kubonyezwa kwa nguvu, au mara tatu, ndipo mlango ufunguke. Huenda mpira umechoka. Huenda pia iliyochoka ni swichi ndogo iliyo chini yake kwenye bodi (kibao cha saketi kilicho ndani ya rimoti), na hiyo haitatibiwa na ganda jipya hata liwe zuri namna gani.

Kuzitofautisha ni rahisi. Fungua rimoti, toa bodi ikiwa na betri yake, simama karibu na gari, kisha bonyeza swichi yenyewe kwa ncha ya kijiti cha mbao. Mlango ukiitika kila mara, ganda ndilo lenye kosa. Ukiitika kwa kubahatisha, pima betri kwa multimita. Betri mpya ya lithiamu ya umbo la sarafu husoma volti 3.0 hadi 3.3. Pima tena huku umebonyeza kitufe, maana betri iliyochoka huweza kuonyesha volti 3 ikiwa imepumzika na kuporomoka pale inapoombwa kazi. Ikishuka chini ya 2.8 kirahisi, ibadilishe kabla hujalaumu kitu kingine. Betri ikiwa nzima na swichi bado inasitasita, unahitaji mtu wa kulehemu, si ganda.

Usijisumbue kutazama rimoti kwa kamera ya simu. Kamera huona mwanga wa infraredi, na rimoti nyingi hutuma mawimbi ya redio, kwa kawaida MHz 433.92 au 315. Baadhi ya funguo za zamani za Mercedes-Benz hutumia infraredi, na kwa hizo kamera husaidia. Kwa nyingine haikwambii lolote.

## Ganda huchaguliwa kwa bodi, si kwa jina la gari

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Gari la muundo mmoja na mwaka mmoja linaweza kuwa limetoka na bodi mbili tofauti, na maganda yake kwa nje yakafanana kama mapacha. Fungua ganda la zamani kabla ya kuagiza jipya. Piga picha nusu zote mbili kwa ndani, rula ikiwa pembeni, kisha linganisha na picha za muuzaji: vijiti vya plastiki vinavyoshika bodi viko wapi, betri inakaa upande gani, skrubu ni ngapi, na kama vibati vya betri vimeshikiliwa na ganda au vimelehemiwa kwenye bodi.

Mfano unaojulikana sana ni funguo za kukunja za Peugeot na Citroën. Kuna ganda la CE0523 na la CE0536, vitufe vilevile, umbo lilelile, lakini namna betri inavyoshikwa ni tofauti, na ukichukua lisilo lako betri haitapata njia ya kupeleka umeme kwenye bodi. Juu ya hilo, bapa la VA2 halina mfereji ubavuni na la HU83 linao. Kwa hiyo ganda moja lina maswali mawili, na kujibu moja hakutoshi.

Bapa nalo lina jina lake: TOY43 na TOY48 kwa Toyota, HU66 kwa Volkswagen, NSN14 kwa Nissan, HON66 kwa Honda, HU92 kwa BMW. TOY43 ina meno pembeni. TOY48 ni nene na imechongwa njia katikati ya ubapa wake. Hizo mbili haziwezi kuwekwa moja mahali pa nyingine, ingawa zote huuzwa kama “ganda la Toyota”.

## Kufungua bila kuvunja

Tafuta skrubu kwanza. Mara nyingi iko moja, imefichwa chini ya nembo, chini ya betri, au pale bapa la dharura linapochomolewa. Tumia bisibisi ndogo ya nyota inayojaa kwenye kichwa cha skrubu. Iliyolegea itakula kichwa hicho na kazi itaishia hapo.

Kisha tafuta mwanya wa kufungulia, kawaida karibu na tundu la pete. Ingiza kipande chembamba cha plastiki ngumu na kizungushe. Usikandamize kwenda ndani. Bisibisi ya chuma ikiteleza milimita tatu tu inaweza kukata njia ya shaba kwenye bodi au kung’oa koili (waya mwembamba uliozungushwa). Ganda lililogundishwa kiwandani lipashe kwa kikausha nywele mpaka liwe la joto la kushikika kwa mkono, si zaidi, halafu fuata mshono taratibu kwa wembe usioingia zaidi ya milimita moja.

Usiivute bodi kwa kushika koili wala vibati vya betri. Shika kingo. Na betri usiishike kwa kibano cha chuma kinachogusa juu na ubavuni kwa pamoja, kwani hapo umeunganisha chanya na hasi. Ikishatoka, iweke mbali na watoto mara moja: betri ya aina hii ikimezwa huunguza koo ndani ya saa mbili.

Kama ndani ya ganda umekuta kiboksi kingine cha plastiki chenye bodi, kama ilivyo kwenye rimoti kadhaa za Toyota, kihamishe kikiwa kizima. Watu hukifungua bila sababu, mpira wake hukaa upande, na vitufe huanza kukwama.

## Rimoti inafungua milango lakini injini haiwaki

Hii ndiyo dalili kuu, na chanzo chake karibu kila mara ni chipu ya imobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo halali) kubaki kwenye ganda la zamani.

Ufunguo una kazi mbili zisizohusiana. Bodi na betri hufungua milango. Chipu huliambia gari kwamba ufunguo ni halali, na haitumii betri kabisa: koili iliyozunguka tundu la swichi huipa nguvu kwa mawimbi, nayo hujibu kwa namba yake. Ndiyo maana rimoti iliyokufa betri huwasha gari, na rimoti yenye betri mpya ikashindwa. Chipu isiposomeka, taa ya ufunguo au ya kufuli kwenye dashibodi itawaka na kuzima haraka haraka. Gari jingine litazungusha stata bila kuwaka. Jingine, hasa la jamii ya Volkswagen, litawaka sekunde moja au mbili kisha lizime. Ukiona hivyo usiendelee kujaribu. Rudi kwenye ganda la zamani.

Chipu huwa na sura tatu. Ya kwanza ni kipande cheusi cha mraba mrefu kama milimita 12 kwa 6, chembamba upande mmoja, kimechomekwa kwenye kifuko karibu na shina la bapa. Ya pili ni bomba dogo la kioo, kama punje nene ya mchele. Ya tatu imo kwenye bodi yenyewe, na ukiona bodi yako ina kipande cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, huenda hakuna cha kutafuta kwingine. Lakini usidhani. Angalia kila kifuko cha ganda la zamani chini ya mwanga, ligonge juu ya kitambaa cheupe, na uchunguze kama kuna tone la gundi au nta. Chini ya tone hilo ndipo chipu hulala.

Iliyogundishwa haing’olewi kwa koleo. Kata plastiki kuizunguka kidogo kidogo, kwa mbali, mpaka ibaki ndani ya kipande kidogo, kisha punguza kipande hicho hadi kiingie kwenye ganda jipya. Ya kioo ikipata ufa imekwisha. Hapo hakuna gundi wala ujanja, ila chipu mpya kwa fundi wa funguo, na ndipo kuprogramu huanza.

Katika ganda jipya, chipu ikae mahali palepale na kwa uelekeo uleule ilivyokuwa. Wengine huiweka mkiani karibu na pete kwa sababu kuna nafasi, halafu gari linawaka leo na kesho linakataa. Koili ya gari husoma umbali wa sentimita chache tu, kwa hiyo chipu inatakiwa iwe karibu na shina la bapa. Kama haikai imara, ishike kwa tone la silikoni. Ikicheza ndani ya ganda itavunjika siku moja.

Gari likiwaka mara nyingine na kukataa mara nyingine, ondoa kwanza funguo nyingine zenye chipu kwenye pete hiyo. Chipu mbili zikiwa karibu na koili moja hujibu kwa pamoja na gari halielewi ipi ni ipi.

## Gari linawaka lakini vitufe vyote vimekufa

Sasa ni kinyume: chipu iko salama, betri haifiki kwenye bodi. Angalia kwa mpangilio huu.

Uelekeo wa betri. Upande wenye alama ya + ni ule mpana ulio laini. Fuata alama iliyoko kwenye ganda au bodi, si mazoea ya rimoti nyingine.

Unene wa betri. CR2032 na CR2025 zote zina kipenyo cha milimita 20, lakini ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili 2.5. Namba mbili za mwisho ndizo unene. CR2025 kwenye nafasi ya CR2032 italegea na kukata umeme ukiitikisa rimoti. CR2032 kwenye nafasi ya CR2025 itaingia kwa kubanwa, italazimisha ganda lisifunge, na itakunja kibati moja kwa moja. Vivyo hivyo CR1620 na CR1616.

Vibati. Kwenye maganda yanayobeba vibati vyenyewe, hivi mara nyingi ndivyo dhaifu kuliko vyote: bati jembamba, limelala. Liinue kidogo kwa ncha ya plastiki, nusu milimita inatosha. Kama ganda la zamani vibati vyake bado ni vizuri na vinachomoka, vihamishe. Ukungu wa kijani au mweupe kwenye bodi usafishe kwa mswaki laini na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, uache ukauke kabisa kabla ya kurudisha betri.

Betri zilizopakwa dawa chungu ili watoto wasizimeze nazo huleta ubishi. Tabaka hilo huweza kuzuia mguso kwenye vibati vidogo. Jaribu betri isiyo na tabaka hilo kabla ya kuanza kufumua bodi.

Funguo za zamani za BMW zina mtego wake. Nyingi hubeba betri ya kuchajiwa ya VL2020 iliyolehemiwa, na koili ya gari huichaji ukiendesha. Usiweke CR2032 mahali pake. Ile si ya kuchajiwa.

Betri ikishagusa vizuri na bado kimya, rimoti na gari huenda vimepotezana. Rimoti hutuma namba mpya kila unapobonyeza, na gari hukubali kusogea kwa hatua kadhaa tu mbele. Aliyebonyeza mara nyingi mezani akijaribu vitufe huwa ameivusha rimoti mpaka huo. Kwa magari mengi tiba ni kuweka ufunguo kwenye swichi, kufungua hadi taa za dashibodi ziwake, na kubonyeza kitufe cha kufunga kwa sekunde kadhaa hadi 10. Utaratibu kamili uko kwenye kitabu cha gari. Kutoa betri peke yake hakufuti usajili kwenye rimoti nyingi, kwa hiyo usikubali kulipia kuprogramu upya kabla ya kupita hatua hizi.

## Betri mpya inaisha kwa siku chache, au milango inajifunga yenyewe

Kuna kitufe kinachobonyezwa muda wote. Mpira wa ganda jipya una vinundu vya chini vinavyogusa swichi, na katika maganda ya bei rahisi vinundu hivyo hurefuka kupita kiasi. Ukikaza skrubu, kinundu kinakalia swichi. Bodi hutuma bila kupumzika hadi betri iishe, na wakati huo hata vitufe vingine huwa havisikiki. Kama rimoti yako ina taa ndogo, itawaka ikabaki imewaka au izime baada ya muda mfupi na isiitike tena.

Jaribu kufunga ganda bila skrubu, ukilibana kwa vidole. Likifanya kazi likiwa limelegea na kufa likibanwa, umepata jibu. Njia nzuri kuliko zote ni kuhamisha mpira wa zamani kama bado hauna tundu. Kama umetoboka, punguza kinundu cha mpira mpya kwa wembe mpya, kwa vipande vyembamba kama karatasi, ukijaribu kila mara. Kilichokatwa hakirudi.

Kinyume chake hutokea pia: kitufe kinabonyea lakini hakifiki. Bandika kipande kidogo cha mkanda wa plastiki juu ya swichi, au chini ya bodi ili iinuke. Tabaka moja, jaribu, mawili, jaribu. Usitumie karatasi ya alumini.

## Bapa linaingia lakini halizunguki, au linacheza

Lisilazimishwe. Silinda ya swichi ni ghali kuliko maganda yote utakayonunua.

Weka ufunguo wa zamani na mpya ubavu kwa ubavu, upime kutoka plastiki ilipoishia hadi ncha ya bapa. Bega la plastiki likiwa limetokeza kwa nusu milimita, hugonga uso wa kitasa kabla meno hayajafika mahali pake. Piga tupa hilo bega. Kama urefu ni sawa na bapa ni jipya lililochongwa, basi mchongo ndio wenye kasoro: mashine imenakili meno yaliyolika pamoja na ulaji wake. Fundi wa funguo anayechonga kwa namba ya mchongo wa ufunguo badala ya kunakili hutoa bapa lililo kama la kiwandani.

Ila kama bapa la zamani linatoka, lihamishe tu. Kwenye ufunguo wa kukunja hushikwa na pini, kawaida ya milimita 1.6 hadi 2. Weka kichwa cha bapa juu ya ubao wenye tundu, usukume pini kwa chuma chembamba kuliko hiyo pini, chenye ncha iliyo sawa, kwa kugonga kidogo kidogo. Msumari una ncha inayopanuka, hivyo huitanua pini na kupasua plastiki. Bapa likicheza baada ya kurudishwa, pini mpya huwa nyembamba kuliko tundu. Rudisha ya zamani.

## Ufunguo wa kukunja haufunguki au unachomoka mfukoni

Springi inatakiwa iwe imeshakazwa kabla ganda halijafungwa. Ncha moja inaingia kwenye kichwa cha bapa, nyingine kwenye ganda, kisha kichwa kinazungushwa kuelekea upande wa kukunja, kwa kawaida nusu mzunguko hadi mmoja, ndipo kinakalishwa. Ikizungushwa upande usio wake, bapa halitatoka. Ikizidi, kitufe cha kufyatulia hakiwezi kuizuia. Jaribu mara tano huku nusu mbili zimeshikwa kwa mkono, bodi ikiwa haijawekwa.

Likifunguka nusu na kukwama, legeza skrubu robo mzunguko. Mara nyingi ganda limebanwa kupita kiasi.

## Masafa yamepungua

Kama zamani ulifungua kutoka mbali na sasa lazima uwe karibu na mlango, angalia mapambo ya ganda jipya. Ganda la alumini au lililopakwa kromu nene hukinga mawimbi. Baada ya hapo ni betri, kisha bodi iliyokaa upande kiasi kwamba antena yake, ile njia ya shaba inayozunguka ukingo, imebanwa au imekwaruzwa.

Kwenye rimoti za kubaki mfukoni, vitufe vinaweza kufanya kazi huku mlango ukikataa kutambua kwamba uko karibu. Hiyo ni koili ya mawimbi ya mzunguko wa chini, kwa kawaida karibu kHz 125, na mguu wake mmoja huachia bodi ikiangushwa au ikichokonolewa. Gari likiwaka kwa kugusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia lakini si kwa kuiacha mfukoni, kagua betri kwanza, kisha miguu ya koili hiyo kwa lenzi. Kuilehemu tena ni kazi ya nyuzi kama 330 za Selsiasi na isizidi sekunde tatu kwa mguu.

Kuhusu kufunga: kama ganda halina skrubu na linataka gundi, usitumie ile ya papo kwa papo kwa wingi. Mvuke wake hutua mweupe kwenye vibati na swichi na kuzuia mguso, hasa ganda likifungwa kabla haujatoka. Matone mawili madogo kwenye mshono, mbali na vitufe, ganda likiwa wazi kidogo hadi harufu iishe. Na usigundishe kabla ya kujaribu kila kitu: kufunga, kufungua, buti, kuwasha injini mara mbili, na kuligonga ganda kwa kidole huku injini inanguruma.